Kifungu Kimoja kwa Wiki: Jinsi ya Kujiandaa kwa Ufahamu wa Kiingereza katika KCSE

Wanafunzi wa Kidato cha Nne wana kauli moja wanayoipenda: "Ufahamu hausomewi." Wanaoiamini hukaa bila kufanya lolote hadi siku ya mtihani. Wasioiamini hununua furushi la karatasi za miaka iliyopita, wakajibu vifungu kumi kwa juma moja, wakajipa alama kwa haraka, kisha wakashangaa mbona hawapandi. Makundi yote mawili yanapoteza alama zilizo karibu nayo.

Ufahamu husomewa, ila si kwa wingi wa vifungu. Alama nyingi hazipotei mtu anaposoma, bali anapojibu: amelielewa swali nusu, amejibu kwa maarifa yake mwenyewe, ameandika vidokezo palipotakiwa sentensi. Makosa hayo hayajirekebishi kwa kufungua kifungu kipya. Hurekebishika ukirudi kwenye kifungu kilekile, ukaonyesha kila jibu lilikotoka, ukajua kwa nini alama fulani haikuja.

Mwongozo huu ni wako wewe utakayefanya KCSE, uwe shuleni au mtahiniwa wa kibinafsi. Mfumo wa 8-4-4 unaelekea ukingoni: darasa la mwisho la KCPE lilifanya mtihani wake mwaka 2023, nalo ndilo litakaloifunga KCSE mwaka 2027. Kama uko katika madarasa hayo ya mwisho, muda ulio nao unatosha.

JUA KWANZA ALAMA ZIKO WAPI

Mtihani wa Kiingereza una karatasi tatu zenye jumla ya alama 200. Ufahamu uko katika karatasi ya pili.

SANDUKU: Karatasi ya pili (101/2)
- Muda: saa 2 na dakika 30
- Jumla: alama 80
- Swali la 1, kifungu cha ufahamu: alama 20
- Swali la 2, dondoo kutoka kitabu teule: alama 25
- Swali la 3, shairi au fasihi simulizi: alama 20
- Swali la 4, sarufi: alama 15

Tazama hesabu hiyo vizuri. Swali la kwanza lina alama 20 tu, lakini la pili na la tatu nayo yanakupa maandishi usome kisha ujibu. Kwa hiyo alama 65 kati ya 80 zinategemea stadi ileile moja: kusoma kilichoandikwa na kujibu kilichoulizwa. Ukiimarika katika kifungu, unaimarika katika dondoo na shairi pia.

Sasa gawa muda. Dakika 150 kwa alama 80 ni chini kidogo ya dakika mbili kwa kila alama. Swali la kwanza linastahili takriban dakika 37. Watahiniwa wengi hulipa saa nzima kwa sababu tu liko mbele, kisha sarufi inafanywa mbiombio huku msimamizi akitangaza dakika za mwisho.

KWA NINI ALAMA HUPOTEA

Kabla ya kuanza mazoezi, zitambue njia nne ambazo alama huponyokea.

1. *Kujibu unachokijua badala ya kilichoandikwa.* Kifungu kikizungumzia mihadarati, mazingira au rushwa, kichwa chako tayari kina maoni. Mtahini hakuulizi maoni hayo. Jibu linaweza kuwa la kweli kabisa duniani na likapata sufuri kwa kuwa halimo katika kifungu.

2. *Kutotii kitenzi cha swali.* "Identify" ni kutaja. "Explain" ni kutaja na kueleza. "Illustrate" ni kueleza na kutoa ushahidi. Swali la "identify and explain" lenye alama mbili likijibiwa kwa kutaja tu, umejinyima nusu.

3. *Kupoteza anayezungumziwa.* Kiswahili hukusaidia kwa ngeli: ukisoma "kilivunjika" unajua ni kikombe, si meza. Kiingereza hakikupi msaada huo. Neno "it" linaweza kuwa pampu, kamati, ahadi au wazo zima la aya iliyotangulia. Tena, Kiswahili hakitenganishi "he" na "she", ndiyo maana mwanafunzi huanza jibu akimwita mhusika "he" na kumaliza akimwita "she". Yote mawili ni mazoea ya lugha tunazozungumza kila siku, na yanahitaji kuchungwa kwa makusudi.

4. *Kupuuza maneno madogo.* Wanafunzi hukimbilia neno gumu lenye silabi tano na kuruka dogo linalogeuza maana. "A few people came" ni kwamba wachache walifika. "Few people came" ni kwamba karibu watu wasije. "Hardly" haina uhusiano na bidii. Maana yake ni "kwa nadra" au "kwa shida". "Although", "unless", "however", "yet" na "instead" ni maneno ya kupigia mstari kila unapoyaona, kwa kuwa hapo ndipo mwandishi anapogeuza njia.

KILA AINA YA SWALI INATAKA NINI

Maswali ya kifungu hubadilika maneno, lakini aina zake ni chache. Zijue kama unavyojua kanuni za hisabati.

- Swali la moja kwa moja ("According to the passage, why…"). Jibu limo katika mstari fulani. Utafute, ukaandike kwa ufupi. Swali la "why" lianzie kwa "because" au kwa sababu yenyewe.
- Swali la kukisia ("What shows that…", "What can we infer…"). Jibu halikuandikwa waziwazi, lakini dalili zake zimeandikwa. Mtaka cha mvunguni sharti ainame: taja dalili, kisha sema inaonyesha nini.
- Maana ya neno ("as used in the passage"). Neno lina maana zake katika kamusi, lakini moja tu ndiyo inayofaa hapa. "A novel idea" si wazo la riwaya, ni wazo jipya. Jibu lako liwe la aina ileile ya neno: kitenzi cha wakati uliopita kijibiwe kwa kitenzi cha wakati uliopita, nomino kwa nomino.
- Mtazamo au toni ("attitude", "tone"). Jibu ni kivumishi kimoja kilicho sahihi pamoja na ushahidi. Jifunze vivumishi kama kumi na tano: "critical", "sympathetic", "admiring", "sarcastic", "nostalgic", "indifferent", "optimistic", "resentful" na wenzake. "Good attitude" na "bad attitude" haviambii mtahini kitu.
- Mbinu ya lugha (kinaya, tashbihi, sitiari). Taja mbinu, nukuu mahali ilipo, eleza kazi yake.
- Kuandika upya sentensi. Hili ni swali la sarufi lililovaa nguo za ufahamu. Ukiambiwa uanze kwa neno fulani, anza kwa neno hilo hasa, na usibadilishe maana.
- Muhtasari au vidokezo ("in not more than… words", "in note form"). Hesabu ya maneno na umbo la jibu ni sehemu ya swali. Haya mawili yana sehemu yake hapa chini.

HATUA SABA NDANI YA DAKIKA 37

1. *Dakika 2: soma maswali kabla ya kifungu.* Lengo si kuyajibu. Unajua tu utafute nini. Zungushia kitenzi cha kila swali na idadi ya alama.
2. *Dakika 4: soma kifungu mara ya kwanza bila kusimama.* Usikwame kwenye neno usilolijua. Mwishoni, jiambie kwa sentensi moja, hata kwa Kiswahili: mwandishi anasema nini, na anaonaje jambo hilo?
3. *Dakika 4: soma mara ya pili ukiwa na kalamu.* Pigia mstari maneno yanayogeuza njia. Pembeni mwa kila aya andika neno moja au mawili ya kukukumbusha kilichomo. Weka namba ya swali pale unapoona jibu lake.
4. *Dakika 18: jibu kwa mpangilio.* Kabla ya kuandika, weka kidole kwenye mstari. Kama hakuna mstari wa kuwekea kidole, huna jibu bado.
5. *Dakika 5: muhtasari au vidokezo.* Acha nafasi, umalizie maswali mafupi kwanza ikiwa muhtasari unakutisha.
6. *Dakika 3: soma majibu yako kama mtahini.* Je, alama mbili zina hoja mbili? "Explain" imeelezwa?
7. *Dakika 1: sahihisha lugha.* Tahajia ya majina yaliyomo katika kifungu, "he" na "she", nyakati. Kisha ondoka hapo, hata kama swali moja halijakuridhisha.

MFANO: TUFANYE KIMOJA PAMOJA

Kifungu hiki kifupi kimetungwa kwa ajili ya zoezi hili. Kisome mara mbili kabla ya kuendelea.

> When the county finally laid a pipe to the village, few people cheered. Water had been promised before every election, and the old women who walked to the river had learnt to keep their jerricans close. For the first month the taps did run. Children splashed, and goats drank from the overflow. Then the pump failed, and no one could say whose duty it was to mend it. The county pointed at the committee. The committee pointed back. Today the taps make excellent pegs for drying clothes, and the path to the river is hardly ever empty.

Swali A: According to the passage, why did few people cheer? (alama 1)
Jibu dhaifu: *Because politicians are corrupt.* Hakuna mstari unaosema hivyo. Ni maoni ya msomaji.
Jibu zuri: *Because water had been promised before every election but had not come.* Sehemu ya kwanza imeandikwa. Ya pili inaonekana kwa wale kina mama wazee walioendelea kwenda mtoni.

Swali B: What is the writer's attitude towards those in charge of the water? Illustrate. (alama 2)
Jibu dhaifu: *The attitude is negative.* Ni jibu la jumla mno, na ushahidi haupo.
Jibu zuri: *The writer is critical of them. He or she shows them blaming each other instead of mending the pump: "The county pointed at the committee. The committee pointed back."* Kivumishi kimepata alama ya kwanza, ushahidi umepata ya pili.

Swali C: Identify and explain one instance of irony. (alama 2)
Jibu dhaifu: *The pump failed.* Hilo ni tukio tu. Kinaya kinahitaji pande mbili, yaani kilichotarajiwa na kilichotokea.
Jibu zuri: *Taps that were meant to bring water are now used for drying clothes. One would expect them to end the walk to the river, yet people still go there.* Umeona neno "excellent"? Mwandishi halisifu bomba, analicheka.

Swali D: Explain the meaning of "hardly ever" as used in the passage. (alama 1)
Jibu: *rarely*, au *almost never*. Lijaribu kwa kulirudisha katika sentensi: "the path to the river is almost never empty." Inakubali, na inaafikiana na aya nzima. Jibu lisiloweza kukaa mahali pa neno lenyewe ni la kutiliwa shaka.

Swali E: Add a question tag: "Few people cheered." (alama 1)
Wengi wataandika "isn't it?", kwa kuwa masikioni mwetu "sivyo?" inafaa kila mahali. Wengine wataandika "didn't they?" Jibu ni *Few people cheered, did they?* "Few" ina ukanushaji ndani yake, basi swali fupi la mwishoni haliwi na ukanushaji. Ndiyo sababu tulisema maneno madogo yachungwe.

Swali F: In not more than 25 words, say why the water project failed. (alama 3)
Jibu: *The pump failed, nobody knew whose duty it was to mend it, and the county and the committee blamed each other.* Hoja tatu, maneno 21. Watoto na mbuzi hawamo, kwa kuwa hawakuusababisha mradi kufeli.

RATIBA YA WIKI: KIFUNGU KIMOJA, VIKAO VINNE

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo. Mitihani ya kuandika kwa kawaida huja kati ya mwisho wa Oktoba na Novemba. Ukianza katikati ya Julai, kifungu kimoja kwa wiki kinakupa vifungu zaidi ya kumi vilivyofanywa hadi vikaisha. Kama umechelewa, fanya viwili kwa wiki, lakini usiruke kikao chochote.

Kikao cha 1 (Jumatatu): fanya kwa saa. Dakika 37, kalamu ya buluu, bila kamusi, bila simu. Muda ukiisha, weka kalamu chini hata kama hujamaliza.

Kikao cha 2 (Jumanne): rudia bila saa. Usitazame mwongozo wa usahihishaji. Chukua kalamu ya rangi nyingine na kamusi, usome upya, uboreshe majibu yako. Tofauti kati ya rangi mbili itakuambia tatizo lako. Ukirekebisha mengi, unajua kusoma ila huna kasi au msamiati. Kama hukuona cha kurekebisha na bado majibu si sahihi, tatizo liko katika kuelewa maswali.

Kikao cha 3 (Alhamisi): sahihisha na uandike sababu. Sasa fungua mwongozo wa usahihishaji, au mwombe mwalimu wako. Kwa kila alama iliyopotea andika herufi moja pembeni:
- N: nilijibu nje ya kifungu
- S: sikulielewa swali au kitenzi chake
- R: sikumjua anayerejelewa na "it", "they", "this" au "he"
- M: msamiati
- U: umbo la jibu (niliandika sentensi badala ya vidokezo, nilizidisha maneno, sikutoa ushahidi)
- D: dakika ziliisha

Jibu lako likiwa tofauti na la mwongozo, usilikubali wala usilikatae papo hapo. Tafuta mstari unaoutetea. Ukiupata, mpelekee mwalimu; huenda jibu lako nalo linakubalika. Usipoupata, umejifunza.

Kikao cha 4 (Jumamosi): jibu upya yaliyokushinda, kisha tetea. Funika majibu, andika upya yale tu uliyokosa. Halafu mpe mwenzako akuulize swali moja kwa kila jibu: "Umeliona wapi?" Huyo si lazima awe mwanafunzi. Mzazi asiyesoma Kiingereza anaweza kushika saa Jumatatu na kuuliza swali hilo Jumamosi. Atakuona usoni kama una mstari au unababaisha.

DAWA YA KILA HERUFI

Baada ya vifungu vitatu, hesabu herufi zako. Ile inayojirudia zaidi ndiyo ya kutibu kwanza.

- N nyingi: kwa wiki mbili, andika namba ya mstari au ya aya mbele ya kila jibu la mazoezi. Jibu lisilo na namba lifute.
- S nyingi: chukua karatasi tatu za zamani, usome maswali tu bila kujibu. Kwa kila swali sema kwa Kiswahili: linataka mambo mangapi, na ya aina gani?
- R nyingi: katika aya moja ya gazeti, chora mshale kutoka kila "it", "they", "this" na "which" hadi kitu kinachorejelewa. Fanya aya moja kila siku.
- M nyingi: anza daftari la msamiati. Usiandike neno peke yake na maana. Andika sentensi nzima ulikolikuta, kisia maana kwa kuangalia maneno ya jirani, ndipo ufungue kamusi. Maneno matano kwa wiki yaliyokaa kichwani ni bora kuliko hamsini yaliyokaa daftarini.
- U nyingi: soma sehemu inayofuata mara mbili.
- D nyingi: usijaribu kusoma haraka kwa kukimbiza macho. Punguza urefu wa majibu. Swali la alama moja halihitaji mistari minne.

MUHTASARI NA VIDOKEZO: VITU VIWILI TOFAUTI

Muhtasari huandikwa kwa sentensi kamili zilizounganika, ndani ya idadi ya maneno uliyopewa. Vidokezo huwa na kichwa, kisha hoja fupi zilizoorodheshwa, zisizo sentensi kamili. Ukivichanganya, unaweza kupoteza alama hata kama hoja zako zote ni sahihi.

Kwa muhtasari:
1. Soma swali, uone linataka sehemu gani ya kifungu. Mara nyingi halitaki kifungu kizima.
2. Pigia mstari hoja zinazojibu swali hilo tu. Idadi ya alama hukupa fununu ya idadi ya hoja.
3. Tupa mifano, nukuu, marudio na mapambo.
4. Andika rasimu, uunganishe hoja kwa "and", "because", "while" au "however".
5. Hesabu maneno. Yakizidi, kata vivumishi kwanza, kisha punguza vishazi.
6. Andika nakala safi, rasimu uipige mstari mmoja wa kuifuta.

Kwa vidokezo:
1. Andika kichwa kinachotokana na maneno ya swali.
2. Kila hoja mstari wake, na alama au namba yake.
3. Anza hoja zote kwa umbo moja. Ukianza ya kwanza kwa nomino, zote zianze kwa nomino.

VIFUNGU VYA MAZOEZI VITOKE WAPI

Karatasi za KCSE za miaka iliyopita ndizo chimbuko bora, hasa zikiwa na miongozo ya usahihishaji. Mwalimu wako anaweza pia kuwa na ripoti za Baraza la Mitihani la Kenya, KNEC, zinazoeleza watahiniwa walivyojibu na walikokosea, muulize. Mitihani ya mwigo ya shule na kaunti hufaa, ila miongozo yake hutofautiana kwa ubora.

Karatasi zikikuishia, chukua makala ya maoni au tahariri katika *Daily Nation* au *The Standard*, hata toleo la zamani lililofungiwa bidhaa dukani. Matawi ya maktaba ya taifa pia huwa na magazeti. Jitungie maswali sita ya aina tulizoziona, mbadilishane na mwenzako. Anayetunga swali la mtazamo na mwongozo wake hujifunza zaidi ya anayelijibu.

SANDUKU: Tahadhari
Kila msimu wa mtihani, watu huuza mitandaoni karatasi wanazodai zimevuja. Mara nyingi ni ulaghai. Hata zisipokuwa ulaghai, sheria ya KNEC ya mwaka 2012 inahesabu kupata au kusambaza karatasi ya mtihani kabla ya wakati kuwa kosa la jinai, na matokeo yanaweza kufutwa. Usijiunge na makundi hayo, hata kwa kuchungulia tu.

MAKOSA YANAYOJIRUDIA KATIKA MAZOEZI

- Kusoma mwongozo wa usahihishaji kabla ya kujaribu mara ya pili. Jibu likishaonekana, linaonekana rahisi, na unadhani ungelipata.
- Kujipa alama kwa huruma: "nilimaanisha hivyo." Mtahini husoma ulichoandika.
- Kunakili aya nzima ukitumaini jibu limo ndani yake. Hilo huonyesha hujui jibu ni lipi.
- Kutumia neno lilelile linaloulizwa katika kulieleza. "Promised means to make a promise" si maelezo.
- Kutafsiri kifungu chote kichwani kwa Kiswahili. Tafsiri wazo kuu la aya, usitafsiri kila neno, muda hautoshi.
- Kufanya vifungu vya aina moja. Changanya hadithi, makala ya sayansi, maoni ya gazeti na maelezo ya kihistoria.

ORODHA YA SIKU YA MTIHANI

☐ Nina saa ya mkononi ya kawaida, au najua saa ya ukutani iko wapi.
☐ Nimeandika pembeni saa nitakayoliacha swali la kwanza.
☐ Nimesoma maswali kabla ya kifungu na kuzungushia vitenzi.
☐ Kila jibu lina mstari wake katika kifungu.
☐ Kila maana ya neno nimeijaribu ndani ya sentensi yake.
☐ Mtazamo na mbinu za lugha zina ushahidi.
☐ Muhtasari umehesabiwa maneno. Vidokezo vina kichwa.
☐ "He" na "she" havijachanganyika.
☐ Dakika 37 zimeisha, nimehamia swali la pili.

Kwa leo, fanya jambo moja: tafuta kifungu kimoja cha KCSE pamoja na mwongozo wake wa usahihishaji. Mwongozo mpe mtu akuwekee hadi Alhamisi. Kifungu kiweke mezani, na Jumatatu jioni uanze kikao cha kwanza.